Kompyuta Mpya Iliyonuka Shisha ya Tufaha

Kompyuta ya mdogo wangu ilikuja nyumbani mpya, na mihuri ya duka juu ya kila skrubu, na ilipopata moto ikaanza kunuka shisha.

Siyo kuungua. Harufu ya kuungua naijua, mimi ni mwoka mikate. Hii ilikuwa shisha kabisa, shisha ya tufaha, ile tamu inayokaba koo, utadhani ndani ya boksi ameketi mzee anavuta huku anakohoa.

Siku ile nilicheka. Leo nikiisikia harufu hiyo popote pale, natema mate.

Nasimulia yote. Kuna mtu nitamsema vibaya humu na ni ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Atakayeona sina adabu, aseme tu, nimezoea.

Naitwa Sarmad. Naoka samuni, mikate yetu yenye ncha mbili, katika tanuri moja hapa Baghdad. Baba alishatangulia. Nyumbani tuko watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Tabarak.

Tabarak anacheza gemu. Na simaanishi zile za kupanga peremende kwenye simu. Nasema gemu za kulenga shabaha, ambazo wanaume wazima hutupa vipokea sauti ukutani wakimaliza kupigwa naye. Alijifunzia kwenye kompyuta ya rafiki yake, saa za kuazima, dakika za kuomba.

Basi kikosi kimoja cha hapa mjini kinachoshiriki mashindano ya mtandaoni kikamwona. Wakamwambia: tumebakiza nafasi moja, majaribio yako ni Ijumaa, ila uwe na mashine yako mwenyewe, kwa sababu msimu mzima kila mtu anacheza akiwa kwao.

Huna mashine, huna nafasi. Ndivyo walivyosema.

Tabarak akauza bangili ya dhahabu aliyoachiwa na baba. Mama alilia chumbani, akatoka, akasema, "Iuze. Kwenye mkono imekaa tu."

Sasa ikabaki kazi ya kuchagua prosesa.

Kwa asiyejua, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ukiwa na hela ndefu unanunua ubongo mkubwa, halafu unanunua kadi ya picha pembeni, maisha yanaendelea. Ukiwa na hela ya bangili moja, unakuna kichwa.

Tabarak alikuna kichwa wiki nzima. Mwisho akachagua prosesa ya viini sita yenye uwezo wa picha humo humo ndani, ambayo haihitaji kadi ya pembeni na haili umeme mwingi.

Hilo la umeme ndilo lililomaliza mjadala. Umeme wa serikali ukikatika, mtaa mzima unahamia kwenye jenereta, na sisi tumejiandikisha ampea tatu tu. Ampea tatu ni friji, taa, feni na heshima kidogo. Ukizidisha, swichi inaruka.

Mjomba Jasib, kaka wa mama, alikuwa kwetu siku hiyo akila dolma, wali uliofungwa kwenye majani ya zabibu. Mjomba huwa hapitwi na dolma.

"Viini sita?" akacheka, jani la zabibu limebaki shavuni. "Hiyo ni ya karani! Chukua ile kubwa, viini nane, na kadi ya picha juu yake. Watu wakiingia chumbani waone kitu."

"Mjomba, mimi nacheza, sifungui maonyesho," Tabarak akasema.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa ampea tatu. Nikiwasha dude lako hilo swichi inaruka, friji inalala, na kesho unakuja kunywa maziwa yaliyochacha."

"Si muongeze ampea!"

"Utalipia wewe, mjomba?"

Mjomba akarudi kwenye dolma.

Mama akamkanya Tabarak kwa jicho. Baba yetu hayupo, na mjomba ndiye mwenye sauti ya kiume ya familia, hata kama sauti yenyewe hutoka ikiwa imejaa wali.

Nikampeleka Tabarak Mtaa wa Sinaa, ambako Baghdad nzima inanunua kompyuta. Tukaingia duka la mzee mmoja, Abu Rusul. Alikuwa nyuma ya meza anavuta shisha ya zabibu, duka zima linanukia zabibu.

Tabarak akamweleza anachotaka. Mzee akaweka bomba chini.

"Binti yangu, wote wanaokuja hapa wananiomba kubwa. Wewe wa kwanza mwezi huu kuniuliza inakula umeme kiasi gani."

Tabarak akaona haya, akafurahi. Tukalipa. Mzee akasema mashine itafungwa na kujaribiwa, tuje kuichukua kesho mchana.

Kesho mchana mimi niko mbele ya tanuri. Mjomba akajitolea.

"Nitakwenda mimi. Mwanangu Mikdad naye ana kompyuta, mambo haya nayajua. Wewe oka mikate yako."

Hapa niwaambie kitu. Kwetu mjomba akijitolea mgongo wake, husemi hapana. Na akikuletea kitu, hukifungui mbele yake kukikagua. Ukikagua umemwita mwizi. Afadhali uuziwe gunia la mawe kuliko kuonekana unahesabu mkono wa kaka wa mama yako.

Akaileta jua likizama, anahema, jasho linamtoka. Mama akambusu bega. Mihuri ilikuwa mahali pake, vikaratasi vidogo vyenye jina la duka. Ukivivunja, dhamana imekufa.

Tabarak akawasha. Mashine ikawaka vizuri. Akafungua gemu. Kidogo tu, feni ikaanza kulia, na ile harufu ikatoka.

"Nani anavuta shisha?" mama akauliza.

"Vitu vipya vyote vinanuka," mjomba akasema, akachukua viatu vyake akaondoka. Hata chai hakunywa. Mjomba Jasib kuacha chai! Hapo ningeshtuka, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye unga wa kesho.

Gemu ikaanza kugandaganda. Kisha mashine ikazima yenyewe, pu!

Akawasha tena, ikazima tena.

Mara ya tatu Tabarak hakufungua gemu. Akafungua ukurasa unaoonyesha kilichomo ndani ya mashine. Akaniita.

"Sarmad, njoo uone. Hii ni ya viini vinne, na ni ya zamani. Hii siyo yangu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliangalia tu mkono wake, pale bangili ilipokuwa.

Kesho yake niliwaachia wenzangu tanuri, nikaibeba ile mashine mpaka Sinaa. Naingia dukani, nakutana na bomba la shisha pale pale nyuma ya meza. Damu ikanipanda. Nikajisemea, mshenzi huyu hapa, na ushahidi anao mdomoni.

Nikamwita mwizi mbele ya wateja. Nikamwita mla mali ya yatima. Mengine siyaandiki.

Abu Rusul akaweka bomba chini. Akavunja mihuri mwenyewe, akafungua boksi, akatoa feni. Ilikuwa imeshika utando wa kahawia, unaonata, umejaa nywele na vumbi. Akaishika kwa ncha ya vidole viwili, uso wake umekunjamana.

"Boksi ni langu," akasema. "Muhuri ni wangu. Hii prosesa na uchafu huu si vyangu. Ulikuja kuichukua wewe?"

"Mjomba wangu."

Mzee akanitazama. Akaanza kurudisha skrubu moja moja.

"Nenda kwa amani, mwanangu. Juu ya mjomba wa mtu mimi sisemi neno."

Na mimi, kubwa jinga, nikadhani kimya chake ni hatia.

Nikampigia mjomba nikiwa bado barabarani. Alilipuka hata kabla sijamaliza.

"Amemdhulumu binti wa dada yangu? Wallahi hatalala! Hii tunaipeleka kwenye ukoo. Tunamwitia fasli!"

Fasli ni kikao cha koo mbili. Mtu akikudhulumu, wazee wako wanakutana na wazee wake, na atakayeonekana na kosa analipa fidia. Watu huitisha fasli kwa damu, kwa ardhi, kwa heshima. Mjomba aliitisha kwa prosesa, na akataja fidia ambayo ingenunua kompyuta za mtaa mzima.

Nilimwona shujaa. Naandika hili nikiwa nasikia aibu kwenye meno.

Kikao kikawa Alhamisi alasiri, kwenye baraza la wageni nyumbani kwa mjomba. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kiwe kwake, apate kuonekana mwenyeji wa wazee. Tabarak alinishika mkono mlangoni wakati natoka.

"Sitaki fidia. Nataka prosesa yangu. Majaribio ni kesho."

"Utaipata leo," nikamwambia.

Baraza lilijaa. Mbele aliketi Sheikh Mhawish, mzee wa ukoo wetu, mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Abu Rusul akaja na wazee wake, wakaketi upande wa pili. Wakamiminiwa kahawa chungu. Yeye akaweka kikombe chake sakafuni, hakukigusa.

Kila mtu akaelewa. Mgeni asipokunywa kahawa yako, ana ombi, na hanywi mpaka ajibiwe.

"Anza wewe, Jasib," Sheikh akasema.

Mjomba akasimama, na hapo ndipo alipoonyesha kipaji. Akalia kweli kweli, na kamasi juu. Akamtaja baba yangu marehemu, na bangili, na yatima. Akasema, "Wallahi, billahi, tallahi, nililitoa boksi mkononi mwa mtu huyu nikaliweka mkononi mwa dada yangu, sikusimama njiani hata kununua maji."

Akaapa kwa Mungu mara tatu, bila kupepesa jicho. Wazee wetu wakatikisa vichwa kwa uchungu.

"Na wewe?" Sheikh akamgeukia Abu Rusul.

Mzee wa watu hakusimama.

"Sina hotuba, Sheikh. Naapa kwa Abbas, prosesa mpya ya viini sita niliiweka mle ndani kwa mkono huu. Naye aape kwa Abbas kwamba aliifikisha. Neno moja tu. Akiapa, nalipa fidia yote na juu yake nafunga duka. Hilo ndilo ombi langu."

Macho yote yakamgeukia mjomba.

Lazima mjue jambo moja la watu wa kwetu. Kwa Mungu mtu anaapa sokoni, anaapa kwenye bei ya nyanya, anaapa amefika wakati bado yuko kitandani. Mungu ni mwingi wa rehema, wanasema, utatubu atasamehe. Lakini Abbas, yule walii shujaa aliyezikwa Karbala, wazee wanamwita mwenye kichwa cha moto. Ukiapa uongo kwa jina lake hakungoji mpaka Kiyama. Unarudi nyumbani mdomo umepinda.

"Apa, Jasib," Sheikh akasema, "tumalize, watu wakale."

Mjomba akacheka kidogo.

"Kwa... kwa kipande cha chuma, Sheikh? Tumwingize Abbas kwenye kipande cha chuma?"

"Uliitisha fasli kwa kipande hicho hicho. Apa."

"Nimeshaapa kwa Mungu! Kuna aliye juu ya Mungu?"

"Hakuna. Ndiyo maana naona ajabu. Umeapa kwa aliye juu kabisa, wa chini yake anakushinda?"

Nikamtazama mjomba wangu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu. Mdomo ulifunguka, ukafika kwenye herufi ya kwanza ya Abbas, ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama tena.

Na hapo, nikiwa nimeketi kwenye mto wa baraza lile, ndipo pua yangu ilipofanya kazi ambayo kichwa kilikataa kuifanya. Mto ulinuka tufaha. Zulia lilinuka tufaha. Pembeni ya kiti cha mjomba palisimama bomba lake la shisha, lile analovuta kila jioni, na nyuma yake kulikuwa na mlango wa chumba cha Mikdad.

Abu Rusul anavuta zabibu. Zabibu! Nilisimama katikati ya harufu ile nikimtukana mzee wa watu, na pua ninayo.

Kabla sijasema neno, mlango ule ukafunguka kwa kishindo.

Akatoka Mikdad, vipokea sauti shingoni, uso unang'aa. Nadhani aliambiwa asitoke. Furaha ilimtoa.

"Baba! Wamenichukua! Nafasi ni yangu! Ile prosesa uliyoniletea haikuganda hata mara moja!"

Kisha akawaona wazee wote wanamtazama.

Hakuna aliyejua kwamba Mikdad naye aliomba nafasi ile ile. Hata aliyeanza kumshuku mjomba angedhani ameuza prosesa. Kumbe alimchomolea mpwa wake ubongo wa mashine akampa mwanawe, ili mwanawe akamshinde mpwa huyo huyo. Kisha akataka alipwe fidia juu yake.

"Prosesa gani, mwanangu?" Sheikh akauliza kwa upole wa kutisha.

"Hii mpya, ya viini sita," Mikdad akasema, sauti ikififia. "Ile yangu ya zamani baba alisema amempata mtu wa kumuuzia."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mkaza mjomba, ambaye alikuwa anasikiliza kila kitu: "Kumbe ndiyo maana kikausha nywele changu nilikikuta barazani!"

Mjomba alikuwa amepuliza mihuri kwa hewa ya moto mpaka gundi ikalainika. Akaibandua, akaibandika. Mihuri ya dhamana, kwa kikausha nywele cha mkewe!

Mjomba akaanza kusema, "Wallahi..."

"Nyamaza," Sheikh akasema. "Usimtaje."

Sheikh akainama, akaokota kikombe cha Abu Rusul sakafuni, akaimwaga kahawa iliyopoa, akakimiminia mpya kwa mkono wake. Mzee akanywa. Nikaenda kumbusu kichwa. Akanipigapiga shavu, akasema, "Mkate wenu mzuri, nitumie samuni za moto." Hilo tu.

Mikdad akafungua mashine yake mbele yetu, akanipa prosesa na feni yake. Ile yake ya zamani na feni yake chafu nikamrudishia usiku ule. Sikumchukia, hakujua. Nikangoja aseme kuhusu nafasi.

Hakusema. Akatazama zulia, akabaki nayo.

Nilifika nyumbani na ushindi wa fasli mfukoni, na Tabarak akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nafasi imekwenda," akasema.

Ijumaa aliwapigia simu watu wa kikosi. Wakamwambia kweli imejaa, ila watamjaribu awe mchezaji wa akiba. Akacheza. Wakamwandika akiba. Mama akapika biriani kama vile tumeshinda, na hakuna aliyekula vizuri.

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza, kikosi kizima kwenye mtandao, watu wanatazama. Mikdad anacheza na ubongo wake wa zamani, feni ya kahawia, utando wa tufaha. Mnajua kilichotokea.

Pu!

Akawasha. Pu tena.

Simu ya Tabarak ikalia: "Akiba, ingia!"

Akaingia. Dakika chache baadaye umeme wa serikali ukakatika mtaa mzima. Betri ndogo chini ya meza, ile inayoishikilia mashine mpaka jenereta liwake, ikapiga kelele, jenereta likanguruma, tukahamia kwenye ampea zetu tatu. Mimi na mama tukatazama swichi ukutani, hatupumui. Friji ikaendelea kukoroma. Taa zikawaka. Mashine ya Tabarak ikaendelea kukimbia, viini sita, bila kadi ya pembeni, bila kuganda.

Akamaliza mechi. Walishinda, na toka siku hiyo nafasi ni yake.

Sasa sikilizeni ninachotaka kuwaachia, wanaotaka kununua mashine. Ukubwa usikubabaishe, nunua kinachotosha na umeme wa kwenu. Na ukishanunua, kibebe mwenyewe. Aibu ya kukagua mbele ya ndugu ni ya dakika moja. Yangu mimi naibeba mpaka leo kila nikipita Sinaa na kapu la samuni.

Kuhusu mjomba Jasib, mnauliza. Mnadhani amejificha? Juzi nimemkuta kwenye mkahawa wa mtaani, mguu juu ya mguu, bomba mdomoni, anawasimulia watu.

"Yule binti anayeshinda mashindano? Mpwa wangu! Prosesa yake nilimchagulia mimi. Wote walitaka ile kubwa, nikasema hapana, viini sita vinatosha. Wallahi, mimi!"

Watu wakashangilia.

Nikapita karibu na meza yao, nikasema kwa sauti ya kutosha: "Mwambieni aape kwa Abbas."

Akakohoa moshi mpaka machozi yakamtoka.